Nimerudia kuitazama Proof of Life: ule ugomvi wa usiku ndio mapenzi yenyewe

#1 Mwenge_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi mke wangu alikuwa zamu ya usiku, watoto wamelala, nikabaki na filamu ambayo sijaigusa tangu enzi za kanda: Proof of Life, ya mwaka 2000. Russell Crowe, Meg Ryan, David Morse. Mwongozaji ni Taylor Hackford, mwandishi Tony Gilroy. Dakika 135. Nimemaliza, nikazima, na siku ya pili leo kuna jambo halinitoki kichwani. Naomba tulijadili.

Kwa ambao hawajaiona: Peter Bowman ni mhandisi Mmarekani anayejenga bwawa Tecala, nchi ya kubuni ya Amerika Kusini (picha zilipigwa Ecuador). Asubuhi moja waasi wanafunga barabara mjini, wanawazoa watu na yeye akiwemo, wanampandisha milimani. Mkewe, Alice, anabaki na nyumba na simu. Kampuni ya mume inamleta Terry Thorne, mwanajeshi wa zamani ambaye kazi yake ni kupatana bei na watekaji. Halafu inagundulika kampuni iliacha kulipia bima ya utekaji ili kubana matumizi. Thorne anaamriwa arudi London, anaondoka, kisha anarudi kwa hiari yake. Miezi inapita, na yeye na Alice wanaanza kupendana.

Filamu ni ya wastani. Filamu mbaya unaisahau kabla hujalala. Hii inaniuma kwa sababu ndani yake imo filamu kubwa ambayo hawakuitengeneza.

Nianze na sehemu iliyonishika. Sehemu nzuri kuliko zote ni pale sebuleni kwa Alice, redio mezani, Thorne na daftari. Wanapatana bei ya mtu. Yaani kama mnavyopatana bei ya kitenge Kariakoo, ila kitenge ni mume wa mtu. Watekaji wanataja mamilioni ya dola. Thorne anajibu kiasi kidogo mno, na Alice anataka kupiga kelele, maana pesa yoyote ile angeitoa sasa hivi. Lakini kazi hiyo ina akili yake. Ukipanda haraka, mtekaji anajua mfuko una kina, anaongeza bei na muda. Unatakiwa upande polepole, kila nyongeza iwe ndogo kuliko iliyopita, hadi aone mwenyewe kwamba mfuko umekauka. Na kabla ya kutoa hata senti unadai ushahidi kwamba mtu wako anapumua: swali ambalo ni yeye tu anaweza kulijibu. Ndilo jina la filamu lenyewe.

Katika vipande hivi hakuna bunduki hata moja, na mimi nilikuwa nimekaa ncha ya kochi. Pamela Reed, anayeigiza Janis, dada wa Peter, yuko vizuri mno. Mtu amekuja kumtafuta kaka yake, hajui lugha, hajui mji, na anaona jinsi shemeji yake anavyomtazama yule mgeni.

Sasa hilo linalonisumbua. Usiku wa kuamkia kutekwa, Alice na Peter wanagombana. Kabla ya Tecala waliishi Afrika, na huko mimba ya Alice iliharibika. Jeraha hilo halijapona na hawajui walizungumzeje. Peter ana kichaa cha bwawa lake, Alice amechoka kufungasha mabegi. Yanatoka maneno ambayo hayarudi mdomoni. Hawakuyamaliza. Kesho yake mume akaenda kazini, na ndiyo ikawa hivyo.

Wenye ndoa wananielewa. Mimi nimewahi kutoka nyumbani asubuhi bila kuaga, kwa hasira, na nikiwa kwenye daladala nikawaza: likinipata jambo leo, neno langu la mwisho kwake ni lipi? Nilishuka kituo cha pili nikapiga simu. Alice hana simu ya kupiga. Mumewe yuko milimani, miguu imejaa vidonda, naye neno la mwisho alilompa ni la hasira. Hayo ndiyo mapenzi ya filamu hii, mapenzi yenye deni. Badala ya kulifuata deni hilo, mwandishi anatuletea mwanamume mwingine mwenye kifua kipana, na ule ugomvi haurudi tena.

Nasema hivi nikimpenda sana Crowe. Mwaka huohuo alikuwa ametoka kutupa Gladiator. Ila humu anasimama katikati ya mume na mke, na filamu haina ujasiri wa kumweka wala kumtoa. Wanatazamana, wanatazamana, busu moja, basi.

Karibuni.

#2 mzee_wa_kanda

Mkuu umenikumbusha mbali. Hii niliiona kibanda umiza cha Tandika, imetiwa sauti ya mtafsiri juu, watu tumebanana kwenye mabenchi. Nikwambie ukweli wa kibandani: vipande vyako vya redio watu walikuwa wanapiga soga na kununua karanga. Kimya kiliingia mara mbili tu. Kwanza mwanzoni kabisa, pale Chechnya, Crowe anavyoning'inia kwenye helikopta na mateka wake. Pili mwishoni, yeye na mwigizaji mwenzake David Caruso wanapoivamia kambi ya waasi. Pale watu walisimama.

Ila kuna kitu nakumbuka vizuri. Lile busu lilipotokea, kibanda kizima kiliguna. Haikuwa guno la kufurahia. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Mke wa mtu sumu." Na huyo ni steringi! Steringi akibusu sisi hushangilia siku zote. Siku ile hatukushangilia, kwa sababu dakika chache nyuma tulimwona mume wake amefungwa kamba anachechemea kwenye matope. Kwa hiyo hapo nakuunga mkono.

Lakini sikubaliani kwamba mapenzi yangetolewa kabisa. Mtu ameshaambiwa hakuna bima, hakuna mshahara, rudi nyumbani. Kitu gani kinamrudisha? Ukitoa mapenzi, Thorne anakuwa malaika, na malaika hatumwamini.

#3 Tabora_Moja

Naomba niongeze upande wa hiyo bima, maana wengi hudhani ni ubunifu wa sinema. Ipo kweli, na ni ya zamani. Soko la bima la Lloyd's ya London lilianza kuiuza baada ya mwaka 1932, alipotekwa mtoto mdogo wa rubani Charles Lindbergh huko Marekani. Hadi leo masharti yake ni ya siri: kwa kawaida mfanyakazi aliyekatiwa hiyo bima haambiwi, na kampuni ikitangaza kwamba inayo, mkataba unaweza kufutwa. Sababu iko wazi, mtekaji akijua nyuma yako kuna bima, bei inapanda. Na bima hulipia pia mtaalamu wa kuongoza mazungumzo, ndiyo kazi ya Thorne. Kwa hiyo kampuni kuacha kulipa na familia kuachwa mikono mitupu, hilo linaaminika.

Lisiloaminika ni Thorne kurudi peke yake na baadaye kukusanya wanaume wenye silaha. Watu wa kazi ile ushindi wao ni simu, subira na begi la pesa. Uvamizi ni kushindwa, maana mateka wengi hufa risasi zinapoanza. Filamu inatufundisha hivyo kwa saa moja na nusu, kisha inatupilia mbali somo lake yenyewe ili imalizie kwa milipuko.

Jingine. Filamu ilitokana na makala ya William Prochnau katika jarida la Vanity Fair kuhusu biashara ya fidia, na kitabu cha Thomas Hargrove. Hargrove alikuwa Mmarekani wa kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Cali, Colombia. Septemba 1994 alikutana na kizuizi cha waasi wa FARC barabarani, akakaa milimani miezi 11. Aliandika shajara kwa siri, nyingine kwenye kijitabu chake cha hundi. Huko nyumbani mkewe na wanawe wakihangaika na mazungumzo. Hakuna aliyeshuka kutoka kwenye helikopta kuwaokoa. Familia ilikaa mezani na ikasubiri. Mwanzisha uzi, filamu unayoililia iliishi kweli, ila siyo hiyo waliyoipiga Hollywood.

#4 Mwenge_Usiku

Tabora_Moja, hilo la hundi limenigusa mno. Mtu anaandika siku zake juu ya karatasi za pesa ambayo haiwezi kumtoa.

Mzee wa kanda, hoja yako nzito. Ni kweli Thorne anahitaji sababu. Ila mwanzoni kabisa ameshaonyeshwa kuwa amechoka na kazi ya kuhesabu watu kama mizigo, ana mtoto wa kiume anayeishi mbali naye. Na pale anapomwambia Alice kwamba anaondoka, aibu iko usoni. Aibu ya kumwacha mtu katikati ya jambo inatosha kumrudisha mwanamume. Wangeiamini ile aibu.

#5 binti_wa_Makupa

Asalaam aleikum. Mimi husoma tu humu, siandiki, lakini uzi huu umenitoa.

Sitataja majina ya watu wala ya meli. Kakangu alikuwa baharia kwenye chombo cha uvuvi, kikachukuliwa na maharamia wa Kisomali. Miaka ile ndiyo ilikuwa imechacha. Wengi wanakumbuka ile Faina iliyokuwa ikija hapa kwetu Mombasa na vifaru 33 mwaka 2008, dunia nzima ikaandika. Chombo cha kakangu hakikuandikwa popote. Hakikuwa na vifaru, kilikuwa na samaki.

Nataka niwaambie kuhusu kungoja, maana hapo filamu imepatia kidogo na imekosea kidogo.

Imepatia kwenye redio. Nyumba nzima huwa inazunguka kifaa kimoja. Kwetu ilikuwa simu ya mama, ile ndogo ya tochi. Haikuwa yafungwa. Mama akienda kuoga yaachwa mlangoni na mtu wa kuilinda. Jirani akipiga kuuliza chumvi twamkemea akate, laini isikaliwe. Siku ya kwanza kusikia sauti ya kakangu ilikuwa dakika mbili. Hakusema yuko wapi wala anakula nini. Alisema, "Waambieni watoe pesa," akarudia mara tatu kwa sauti moja, kama mtu anayesoma. Mama alipokata simu akasema, huyu si mwanangu. Ikabidi tupige hesabu ya swali. Tulipopigiwa tena, nikamuuliza, bibi alikuwa akimwitaje yule mbuzi wake mwenye pembe moja? Akanyamaza, kisha nikasikia anacheka. Huko mbali, katikati ya watu wenye bunduki, alicheka. Akataja jina. Hapo mama akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza.

Ilipokosea ni pale inapoonyesha Alice ana mtu wa kumtetea nyumbani, masaa yote. Ajenti aliyempeleka kakangu kazini aliacha kupokea simu zetu wiki ya pili. Mwenye chombo alikuwa nchi nyingine, twaambiwa leo kesho.

Na sasa hilo la mapenzi, ambalo mwalijadili kama wanaume. Kulikuwa na bwana mmoja, mtu mzima, aliyekuwa akisaidia familia za mabaharia. Alikuwa akimpigia wifi yangu kila Ijumaa baada ya magharibi. Wakati mwingine hana habari yoyote, apiga tu kusema, leo hakuna jipya. Wifi yangu alianza kuijua Ijumaa tangu Jumatano. Atajifunga leso nzuri kwa ajili ya simu! Mamangu aliona, akakasirika, nyumba ikawa nzito. Mimi nilikuwa msichana, nikaungana na mama, nikamnunia wifi. Ninajuta hadi leo.

Hakuwa ampenda yule bwana. Alikuwa ameshika kamba. Ukizama hutazami kamba ni ya nani. Kakangu alipotoka, wifi hakumtaja tena yule mtu isipokuwa kumwombea dua. Kwa hiyo mimi nilipoona Meg Ryan akimtazama yule mwanamume sikuguna. Nilimwelewa. Nililoligunia ni kwamba filamu yenyewe haikumwelewa, ikadhani ni tamaa, ikampa busu. Yule hakuhitaji busu. Alihitaji mtu asiondoke chumbani.

#6 Mwenge_Usiku

Dada, nimesoma mara tatu. Ahsante kwa kutuamini na jambo hili.

Nakiri umenisogeza. Nilikuwa nikisema mapenzi yale hayakustahili kuwemo. Sasa naona yalistahili ila yalipewa jina lisilo lake. Dada wa Peter anavyomnunia Alice kwa macho ndivyo wewe ulivyomnunia wifi yako, na filamu ilikuwa na kila kitu mkononi: wifi wawili, nyumba moja, mateka mmoja wanayempenda kila mtu kwa njia yake. Kisha Janis anarudishwa Marekani mapema na habari yake inakatwa. Hilo kwangu sasa ndilo kosa kubwa kuliko hata busu.

#7 nahodha_wa_jioni

Naongeza moja fupi kuhusu pesa, maana kwenye filamu inaonekana ukilipa umemaliza.

Kuna wale Waingereza wawili, mume na mke, Paul na Rachel Chandler. Oktoba 2009 walikuwa kwenye mashua yao ya tanga wakitoka Ushelisheli kuja Tanzania. Walikuwa wanakuja kwetu. Wakatekwa usiku, wakapelekwa Somalia. Juni 2010 pesa ya familia ilidondoshwa kwa ndege, watekaji wakaichukua, na hawakuwaachia. Walikaa hadi Novemba, jumla siku 388. Dereva teksi Msomali wa London aliona habari yao, akaona aibu kwa niaba ya watu wake, akahangaika na wazee wa kwao hadi wakatoka. Hao wawili watekaji waliwahi kuwatenganisha, kila mtu mahali pake, na mateso makubwa waliyosimulia ni huo utengano.

Hapo ndipo ninapoungana na mwanzisha uzi. Mume na mke ndio habari yenyewe.

#8 Tabora_Moja

Nimemsoma binti_wa_Makupa nikakumbuka jambo la Colombia ambalo ningelitaka humu.

Mwaka 1994 mtangazaji aitwaye Herbin Hoyos alitekwa na waasi. Huko msituni alikutana na mateka mwenzake mwenye redio ndogo, ambaye alimlaumu kwamba waandishi wa habari hawawafanyii chochote watu waliofungwa. Alipotoka akaanzisha kipindi, Las Voces del Secuestro, yaani sauti za utekaji. Usiku wa manane wa kuamkia Jumapili, familia zilikuwa zikipiga simu studio au zikija zenyewe, zikizungumza na watu wao waliokuwa msituni. Haikujulikana kama wanasikia. Mama anamwambia mwanawe dada yake kajifungua. Mke anamwambia mume paa limetengenezwa. Mwaka 2000, mwaka wa filamu yetu, Colombia ilihesabu utekaji zaidi ya 3,000. Waliotoka walisimulia kwamba waliishi wakingoja Jumapili.

Hebu fikirini Alice anapewa dakika moja hewani, hajui kama Peter anasikiliza, na ugomvi ule bado uko kooni. Angesema nini?

#9 mzee_wa_kanda

Hapo hata sisi wa kibandani tungeacha karanga.

Lakini wakuu, mwisho wake mnausemaje? Mimi naupenda. Peter ameokolewa, anamshukuru Thorne. Alice anamtazama Thorne, anataka kusema, hasemi. Anapanda gari na mumewe. Magari yanaondoka, Crowe anabaki barabarani na milima ile. Nimesoma kwamba kulikuwa na kipande cha faragha kati yao kilichopigwa kisha kikaondolewa. Kama ni hivyo, walifanya vizuri.

#10 Mwenge_Usiku

Mzee, barabara ile ni nzuri kweli, mpigapicha Slawomir Idziak ameitendea haki milima. Na uso wa Crowe pale unabeba mengi kuliko maneno yote ya Gilroy.

Ila tazama kamera iko upande gani. Iko kwa Thorne. Tunabaki na mtu anayeachwa. Mimi nilitaka niingie kwenye lile gari. Mume amekonda, ananuka msitu, hajui mkewe alimbusu nani. Mke hajui mume aliona nini, na yule Kessler, mateka mwenzake aliyejifanya mwendawazimu muda wote ule, atakuwa akimwota usiku gani. Kati yao kuna mtoto ambaye hakuzaliwa na maneno ambayo hayakumaliziwa. Wanaanzia wapi? Nani anafungua mdomo kwanza? Filamu inafunga mlango wa gari na kubaki nje.

Dada wa Makupa, kama si kukuchokonoa, naomba nikuulize: kaka yako aliporudi, yeye na wifi walizungumza nini?

#11 binti_wa_Makupa

Hukunichokonoa.

Hawakuzungumza. Watu walijaa, pilau, maulidi, kila mtu ataka kumshika. Walipoondoka, kakangu akakataa kulala kitandani. Godoro lilikuwa laini mno kwake, hapati usingizi. Akatandika mkeka sebuleni karibu na mlango, akalala amevaa viatu. Mama akamwambia wifi, mwache, atazoea.

Wifi akavuta mto wake akaenda kulala pale chini, na yeye pia na viatu.

Walilala hivyo karibu miezi mitatu.